Mshipi wa gomesi

Zipu ya sketi niliyoinunua kwenye mitumba ya Busia mwaka juzi imegoma katikati. Nina miaka 49. Katika umri huu, homoni ya estrojeni ikipungua, mafuta huacha mapaja na nyonga, yakahamia tumboni, hata kama sahani ni ile ile ya ugali wa wimbi na omena.

Shangazi yangu wa Tororo hahangaiki na zipu. Gauni lake la gomesi lina vifungo viwili karibu na bega la kushoto, na kiunoni mshipi wa kitambaa. Mwili ukiongezeka, anaufunga mshipi upya, anasawazisha fundo, anachukua kikapu. Nami sketi nimempelekea fundi, aachie inchi mbili.