Aliyepona Anangoja Mkono wa Pili
Masomo: Marko 8:22-25, Marko 5:35-43



Kipofu wa Betsaida aliwekewa mikono mara mbili. Kisha mara ya kwanza aliona, lakini vibaya: watu walikuwa kama miti inayotembea. Hakuficha. Na Yesu hakumuuliza imani yake iko wapi, alimgusa tena.

Ninaandika sababu ya tabia moja ya makanisa yetu ya unabii. Mutu akitoka kitandani, siku ya Yenga tunamsimamisha atoe ushuhuda, ngoma zinalia, na kesho yake tunamtazamia shambani. Akisema viungo vinauma, anaambiwa: «Una shaka,» ao mbaya zaidi: «Kuna kitu nyumbani mwako.»

Tuangalie Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa 8 mwaka 2018, ikafika kwa jirani zetu wa Mwenga mwezi wa 8 mwaka 2019, ikatangazwa kuisha tarehe 25/6/2020. Iliua watu zaidi ya 2.200; waliopona walipita 1.100. Wengi wao walibaki na uchovu, maumivu ya viungo na ya kichwa, usahaulifu, na shida ya macho. Virusi vinaweza kujificha ndani ya jicho hata damu ikiwa safi. Jicho linauma, linakuwa jekundu, kisha ukungu. Asipotibiwa mapema anaweza kupofuka. Ndiyo maana mwaka 2019 kule Beni waganga wa macho waliwapima waliopona. Hiyo ni Betsaida kabisa! Hata Korona iliacha wengine bila pumzi miezi mingi. Hawa wote wana shaka?

Nabii aombe, munganga apime. Jicho jekundu lisitiwe maji ya majani, hata yakiombewa. Mwenye kuhitaji Bukavu, barabara yetu munaijua wenyewe. Sanduku la kanisa lifikirie nauli yake mbele ya vitambaa vya kwaya. Mwenye uchovu aanze kidogo: leo mpaka kisimani, apumzike, akizidiwa, apunguze. Viungo vilivyokakamaa vinyooshwe polepole kila siku, pasipo kulazimisha.

Binti Yairo alipofufuka, Yesu aliagiza apewe chakula. Muujiza ulikwisha, sahani bado. Kazi hiyo aliwaachia watu wa nyumba. Kwa hiyo tule na aliyepona, tumshike mkono, hakuna hatari. (Wanaume waliopona Ebola, virusi vinaweza kukaa katika manii miezi mingi: mupimwe, na mutumie kondomu mpaka munganga aseme basi. Mashemasi tusione haya kulisema.)

Juma hili wamama wapeleke sombe na ndizi kwa wagonjwa wa mitaa yao. Vijana, mulete majembe siku ya Posho asubuhi, mbele ya jua kali. Tutaanza na shamba la yule ambaye hana mutoto wa kumlimia.