Mkata Kuni wa Pasha

Ndugu msomaji, fikiri kwamba umesimama mbele ya ukuta, na ukutani hapo imetundikwa picha ya msitu. Si picha ya kamera wala si karatasi ya kalenda. Ni kitambaa kilichopakwa rangi za mafuta kwa mkono wa mtu, tabaka juu ya tabaka, nayo ni hiyo moja tu duniani. Miti imesongamana hata mwanga wapenya kwa taabu. Na chini ya miti hiyo, mdogo kiasi cha kumpita usimwone, yumo mkata kuni pamoja na mnyama wake wa mizigo. Hana jina, na uso wake hausomeki. Lakini ukishamwona, kila ukitazama tena jicho lako huenda kwake kwanza.

Picha hiyo iko Istanbul, katika jumba la makumbusho ya uchoraji na uchongaji lililofunguliwa mwaka 1937. Aliyeichora ni Muislamu, tena mwanajeshi wa cheo kikubwa, Ahmed Ali, aliyezaliwa mwaka 1841 mtaa wa Üsküdar, ng'ambo ya pili ya Bosforasi, na kufariki mwaka 1907 katika mji huo huo wa Istanbul. Watu hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Şeker Ahmed Pasha, yaani Ahmed Sukari.

Najua kuna wasomaji ambao wameshaanza kukunja uso. Muislamu na picha, wapi na wapi? Wanayo haki ya kuuliza. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kutengeneza picha kwa mikono yake. Ibn Abbas akamsimulia onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya wenye kutengeneza sura, kwamba watatakiwa wazipulizie roho ilhali hawataweza. Yule mtu alibadilika rangi kwa hofu. Hapo Ibn Abbas akamhurumia, akamwambia kuwa ikiwa hana budi, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho. Tazama, msomaji, jinsi mlango ulivyofungwa kwa mkono mmoja na kufunguliwa kwa mkono wa pili, na mlango uliofunguliwa ndio huu wa miti, milima na maji. Wachoraji wengi wa Kiturki wa karne ya 19 waliingia kwa mlango huo, na wengi wao walikuwa askari kama huyu, kwani uchoraji ulifunzwa katika vyuo vya kijeshi kwa ajili ya ramani na ngome.

Lakini lazima nikiri kuwa Ahmed hakubakia mlangoni. Mkata kuni ana roho, na mnyama wake ana roho. Pasha alichora pia askari wakifanya mazoezi, na akajichora mwenyewe. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya picha zisizo na kivuli, na mimi si mtu wa kuwasuluhisha hapa. Ninalotaka kulizungumza ni jambo jingine, ambalo naona ni zito kuliko hilo la rangi.

Tuanze na maisha yake. Kijana Ahmed aliingizwa katika chuo cha utabibu. Mkono wake ukapenda kuchora kuliko kupasua majipu, akafanywa msaidizi wa mwalimu wa kuchora hapo hapo, kisha akahamia chuo cha kijeshi. Mwaka 1864 serikali ya Sultani Abdülaziz ikampeleka Paris. Huko alisoma kwa mabwana wawili waliokuwa na sifa kubwa, Gustave Boulanger na Jean-Léon Gérôme. Huyu Gérôme alitajirika kwa kuichora Mashariki: masoko ya watumwa, hamamu za wanawake, waumini wakiswali misikitini. Wazungu walizinunua picha hizo kwa pupa, wakadhani wametuona. Sasa fikiri kijana wa Kiislamu ameketi katika chumba cha mwalimu huyo, akitazama jinsi watu wa kwao wanavyogeuzwa kuwa tamasha. Angeweza kuiga, na soko lilikuwako. Bali aliporudi kwao mwaka 1871, alichora msitu, akachora matikitimaji, zabibu na matunda mengine juu ya meza. Sikusoma mahali popote kwamba alifanya hivyo kwa kumpinga mwalimu wake. Huenda alipenda matunda tu. Hata hivyo, mtu aliyefunzwa kuwafanyia biashara jamaa zake kisha asifanye, anastahiki kuangaliwa mara mbili.

Aliporudi alipanda vyeo. Akawa msaidizi wa kijeshi wa Sultani, akawa Pasha, na baadaye, zama za Sultani Abdülhamid wa Pili, akapewa kazi ya kuwapokea wageni wa mataifa. Mwaka 1873 aliandaa maonyesho ya picha mjini Istanbul, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake kufanywa na Mturki, akarudia tena mwaka 1875. Na lile jina la Sukari lilitokana na utamu wa tabia yake. Hebu tulifikiri jambo hili kidogo. Hapa ni mtu mwenye upanga kiunoni, ana sikio la mfalme, tena ana ustadi ambao wachache walikuwa nao katika dola nzima. Watu walikuwa na mengi ya kumwitia. Wakachagua upole wake. Wapo kwetu wenye vyeo vya chini ya hapo, karani wa dirishani tu, ambao jina watakaloachiwa na watu halitaandikika.

Ama sasa tufike kwenye uzito wenyewe. Mwaka ule ule wa 1873 wa maonyesho ya kwanza, katika nchi kavu za Anatolia ya kati mvua ilikuwa imekosekana. Mavuno yalikufa. Kisha ikaja baridi kali, theluji ikafunga njia, mifugo ikaangamia, na watu wakafa njaa kwa maelfu. Waliosalimika waliziacha nyumba zao wakajikokota kwenda mijini. Na mwezi Oktoba mwaka 1875, mwaka wa maonyesho ya pili, serikali ya Sultani ilitangaza kwamba haiwezi tena kulipa madeni yake yote kwa wadai wa Ulaya. Katika miaka hiyo hiyo kasri la Dolmabahçe lilikuwa likinunuliwa picha za mafuta kutoka kwa wafanya biashara wa Paris, na aliyekuwa akishauri ipi inunuliwe na ipi iachwe ni huyu huyu Ahmed wetu, mtamu kama sukari.

Basi nakuuliza, ndugu msomaji, na ninajiuliza mimi pia: mtu mwema afanye nini na mapenzi yake ya uzuri wakati jirani yake ana njaa?

Wepesi wa kuhukumu watasema angevunja brashi zake. Sikubaliani nao. Pasha hakuwa waziri wa fedha, wala njaa ya Ankara isingepungua kwa kitambaa kimoja kisichochorwa. Tena uzuri si dhambi. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Kitabu chake kwamba mifugo tuliyoumbiwa, mbali na nyama na mizigo, ina pambo kwetu tunapoirudisha jioni na tunapoipeleka malishoni asubuhi. Yaani katika hesabu ya neema, raha ya jicho imeandikwa pamoja na chakula. Lakini siwezi kukubaliana pia na wale wasemao kuwa sanaa ni sanaa na njaa ni njaa, kila kimoja na mlango wake. Fedha ya kununulia picha za kasri ilitoka katika mfuko mmoja na ule ambao ungenunua nafaka. Mfuko haukuwa na vyumba viwili.

Hapo ndipo namrudia mkata kuni. Sote twaijua Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtu kuchukua kamba yake, akaenda, akaleta mzigo wa kuni mgongoni akauuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Mkata kuni basi si mtu wa kupamba picha. Kwetu sisi ni mfano wa chumo la halali kabisa. Na aliyemchora alikuwa mtu ambaye chakula chake, nguo zake, hata rangi zake, vilitoka katika hazina ya Sultani. Katika picha ile, ni nani anayekula jasho lake? Sidai kwamba Pasha aliwaza hivyo. Ila kati ya vyote vilivyoweza kuwekwa katika msitu ule, wawindaji wa kifalme na mbwa wao, mabibi wenye miavuli, alimweka maskini mwenye shoka.

Tena kuna jinsi alivyomweka. Paris ilimfunza kanuni ya uchoraji wa Ulaya, kwamba mistari yote ya picha ikimbilie nukta moja kwa mujibu wa jicho la mtazamaji. Kilicho mbali kidogoke, kilicho karibu kikue, na mtazamaji awe kama bwana wa shamba aliyesimama barazani. Katika msitu wa Ahmed kanuni hiyo imevurugika. Mti ulio mbali, ambao ulitakiwa kurudi nyuma, wakujia. Mwingereza John Berger, aliyeandika juu ya picha hii katika miaka ya 1970, aliliona jambo hilo likamshughulisha sana. Wapo watakaosema kuwa mwanafunzi hakuhitimu vizuri. Mimi naona ya kwamba mtu aliyewahi kuingia msituni kukata kuni hauoni msitu kutoka barazani. Umemzunguka. Ulio mbali ndio anaoutaka, nao humjia kabla hajaufikia, kwa kuwa moyo wake uko huko na kamba iko begani. Labda ni makosa ya mkono. Lakini ni makosa ambayo mtu mwenye kiburi hayafanyi, kwani yanamwondoa mtazamaji katika kiti chake na kumtia chini ya miti, pale alipo maskini.

Nimeandika haya nikiwa na aibu yangu ubavuni, na afadhali niiseme. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua picha ya msitu kwa ajili ya sebule, nakala tu, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Muuza duka alitaja bei nami nikatoa fedha bila ya kubisha, kwa kuwa nilimwonea haya kubishana juu ya kitu kizuri. Juma lile lile alikuja mwenye mkaa na baiskeli yake, magunia mawili nyuma, jasho limemchirizika hadi kwenye ndara. Na huyo nilibishana naye. Nilimtolea kasoro gunia, nikalitikisa, nikasema lina vumbi jingi, mpaka akashusha bei, na moyoni nikajiona mwerevu. Aliponiingizia gunia ndani aliiona picha. Akaweka mzigo chini, akasimama akaitazama kwa muda, mikono yake meusi ameishika nyuma asije akachafua ukuta.

"Maalim," akaniuliza, "huko nako wanatoza ushuru getini?"

Nikamwambia kuwa sijui, nikaenda chumbani kutafuta zile shilingi nilizokuwa nimempunguza. Niliporudi alikuwa ameshapanda baiskeli yake.