Nani Mwenye Haki ya Kusema Chombo Kimekufa?

Kufa na kukataliwa ni vitu viwili. Jembe likivunjika mpini, kila mtu anaona. Lakini boksi la kuflashia simu linaweza kuwa zima kabisa, taa inawaka, waya hauna kasoro, na bado kompyuta mpya ikasema hailitambui. Je, limekufa?

Swali hili nililipata Bariadi, kwenye meza ya fundi simu ninayemfahamu. Huku Simiyu viswaswadu bado vipo kibao: chaji inakaa siku kadhaa, na pesa inatumwa bila intaneti. Siku moja mama mmoja alileta Nokia ya marehemu mwanawe. Ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri aliyoijua marehemu peke yake, na ndani zilikuwamo meseji zake. “Mayu, niachie hadi kesho,” fundi akamwambia. Laptopu yake mpya ililikataa boksi. Ikabidi aamshe kompyuta kuukuu ya Windows XP. Simu ikafunguka.

Ni rahisi kuwalaumu wenye kompyuta, ila wana hoja. Draiva ni programu inayoingia ndani sana ya mashine, na mbovu moja inaweza kuharibu kila kitu. Ndiyo maana tangu Vista, Windows ya biti 64 inadai draiva zenye saini inayothibitisha zilikotoka. Tatizo ni kwamba mlango unaomzuia mwizi unamzuia pia mtengenezaji aliyeshafunga duka. Nani atamsainia?

Mambo huenda mbali zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa na USB, ilitoa draiva iliyofuta namba ya utambulisho ya chipu bandia. Ilipitia masasisho ya Windows, kimya kimya. Vifaa vilivyokuwa vikifanya kazi jioni, asubuhi havikutambulika. Mwenye kifaa hakuwa mghushi. Alinunua tu dukani kwa pesa yake. Kelele zikapigwa, draiva ikaondolewa.

Sisi tunalo la kulinganisha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilizima simu bandia nchini. Uchungu ulikuwepo, lakini watu walitangaziwa kwa miezi kadhaa na kuonyeshwa namna ya kuhakiki IMEI. Unaweza kuupinga uamuzi ule, ila walau ulikuwa na uso, na ulijua wa kumuuliza.

Hoja yangu ni hii: anayetamka kwamba chombo kimekufa sharti atangulize taarifa na aache njia. Kama hutaki tena kuhudumia boksi, toa siri za draiva yake, wengine waiendeleze. Kukaa kimya na ufunguo mfukoni si usalama.

Fundi naye ana deni. Akizima ukaguzi wa saini kwenye laptopu hiyohiyo anayohifadhia picha za wateja, anawabebesha hatari wasioijua. Fundi wangu kompyuta yake kuukuu haigusi intaneti. Kazi yake ni maboksi tu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ningeongeza: mbachao nao utandike mahali ambapo hautamkwaza mgeni.