Herufi Tano, Q Bila U

Mchezaji wa Scrabble akishikwa na Q bila U huwa kama aliyebebeshwa jiwe. Katika vibao 100 vya seti ya Kiingereza Q ni moja tu. Ina pointi 10, na mchezo ukiisha nayo mkononi, unakatwa hizo hizo. Dawa yake ni kukariri orodha: maneno ya herufi tano yenye Q yasiyo na U. Nilipoanza kucheza na wenzangu bwenini, orodha hiyo ndiyo ya kwanza kupewa. Faqir, niqab, qanat, talaq, tranq. Kando ya kila neno paliandikwa maana kwa maandishi madogo, na aliyenipa akanishauri nisipoteze muda kuzisoma.

Nyingi sikuhitaji kuzisoma. Nimekulia pwani. Fakiri, nikabu, talaka: ni maneno ya nyumbani yaliyovalishwa suti. Qanat ndiyo iliyonishinda, nikasoma kwamba ni mfereji wa chini ya ardhi wa kupitishia maji, wa asili ya Uajemi. Wapo na wafupi wao: qadi wa herufi nne ni kadhi wetu, na qat ya herufi tatu ni mirungi, ile ambayo watu wa Meru huiita miraa. Sisi tuliyapokea maneno hayo kutoka Kiarabu tukaiandika sauti yake kwa K, kwa kuwa alfabeti yetu haina Q. Kiingereza kiliyaachia Q yao, ndiyo maana yana bei. Ukihesabu vibao, fakiri ana pointi 17 na kadhi 14. Hilo lilinifurahisha kupita kiasi.

Wachezaji wakubwa hawana haja ya maana. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali Kifaransa hakijui. Alikariri kamusi kwa wiki tisa hivi. Katika fainali alimshinda mchezaji wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa kiliingia kwa ukoloni na kikabaki kuwa lugha ya shule na ofisi. Mwaka 2024 akarudia kwa Kihispania. Niliposoma habari hizo nilimwonea wivu, kisha nikamfikiria yule wa Gabon. Amesoma kwa lugha ile miaka yote, anaijua utani na matusi yake, halafu anashindwa na mtu ambaye kwake ni mpangilio wa herufi. Lakini hakuibiwa kitu. Kanuni ziliheshimiwa.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na ubao wangu. Usiku mmoja nikicheza na mdogo wangu, nikapata nafasi iliyogusa kona ya kuzidisha mara tatu. Nikaweka T, A, L, A, Q. Pointi 42. Nilishangilia. Mama alikuwa anapepeta mchele pale kando, akainama kutazama ubao.

"Na hili nalo ni la Kizungu?"

"Ndiyo, mama. Limo kamusini."

"Maana yake?"

"Ile ile."

Akanyamaza kidogo. "Umepata ngapi?"

Nikamwambia.

"Mimi nilipewa bure," akasema, akaendelea kupepeta.

Mdogo wangu alicheka. Mimi nilikuwa na miaka tisa siku neno hilo liliposemwa sebuleni kwetu, kwa hiyo sikuweza.

Nilijitetea moyoni kwa nilichosoma darasani. Wanafalsafa hutofautisha kulitumia neno na kulitaja. Nikisema simba ana miguu minne, nimelitumia. Nikisema "simba" lina herufi tano, nimelitaja tu, wala hakuna atakayekimbia. Basi mimi nililitaja. Sikumwacha mtu. Hoja ya namna hii ilisikika mwaka 2020, NASPA, chama cha wachezaji wa Amerika Kaskazini, kilipoondoa matusi ya kibaguzi kwenye orodha yake ya maneno. Waliopinga walisema neno ubaoni halina maana, ni pointi tu. Nilikuwa upande wao.

Tatizo ni kwamba talaka ni neno baya la kufanyia mfano huo. Wanazuoni wengi wa fikihi husema mume akiitamka kwa mkewe, hata kwa mzaha, imepita. Neno halimngojei msemaji aweke nia. Najua kibao changu hakikuwa tamko la mume, na hakuna kadhi ambaye angenisikiliza. Lakini sheria hiyo inakubali jambo ambalo utetezi wangu unalikataa: kwamba yako maneno ambayo mwenye kuyaweka si yeye peke yake anayeamua yameweka nini.

Je, kosa ni kushika neno bila maana yake? Siwezi kusema hivyo pia. Chuoni tulihifadhi sura nzima nzima kabla ya kujua Kiarabu hata cha kuombea maji, na hakuna aliyetuita wezi wala kasuku. Tulitawadha kwanza. Mwalimu alirekebisha kila irabu kana kwamba ingeweza kuumia. Sikujua maana, lakini nilijua kwamba maana ipo na kwamba ina wenyewe. Richards naye, kwa ninavyomwona, hakudharau kitu; alikariri kwa bidii ambayo wengi wetu hatukuifikia hata chuoni.

Mimi ndiye niliyeijua maana nikaiweka kando kwa ajili ya 42. Katika watu wote wanaoichezea orodha ile, nilikuwa na udhuru mdogo kuliko wote. Yule mwenzangu wa bwenini angeliweka neno lile mbele ya mama bila kosa lolote, nami ningemkaribisha chai.

Kesho yake nilimwomba mama radhi. Aliniuliza radhi ya nini. Nilipomweleza alisema niache kumpangia majonzi yake, akakaa mkekani akataka afundishwe. Kiingereza chake ni cha darasa la saba, basi tukakubaliana acheze kwa Kiswahili na mimi kwa Kiingereza. Mkono wa pili akapata Q. Akaigeuzageuza, akaniuliza inafaa nini. Nikatazama ubao, nikaiona nafasi, na sikujua nimwambie.