Mikono ya Musa Ilipochoka

Somo: Kutoka 17:8–13



Tangu Pasaka wengi wenu mmeuliza: Mwalimu ana nini, mbona haonekani uwanjani asubuhi, wala hapigi kengele ya kanisa? Padre ametuomba tujibu kwa maandishi katika gazeti letu, ili jibu liwe funzo na si habari ya barazani tu. Basi tunajibu, ingawa sehemu ya jibu letu yatutia haya.

Mnatujua. Sisi ni mwalimu mstaafu, na wengi wenu mlijifunza kusoma mbele ya ubao wetu. Tangu siku za chuo cha ualimu mwili wetu umezoea mazoezi. Chuoni tuliamka alfajiri kwa mchakamchaka, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, umande miguuni. Tulipopata cheti tulikwenda na desturi hiyo katika kila shule tuliyopangiwa. Hata baada ya kustaafu hatukuacha. Kila siku isipokuwa Jumapili tulikimbia polepole mpaka darajani na kurudi, tukaruka kamba, tukapiga pushapu, kisha tukaning'inia kwenye goli la uwanja wa shule na kujivuta juu.

Mazoezi si dhambi. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakusema kwamba kuuzoeza mwili ni kazi bure. Alisema faida yake ni ndogo ikilinganishwa na faida ya utauwa. Kosa letu halikuwa mazoezi. Kosa letu lilikuwa kuyafanya mizani ya kuwapimia watu.

Jumatatu ya Pasaka vijana wa kanisa walikuwa na michezo. Tulipowaona wakijivuta kwenye mtambaa wa panya wa goli, mara tano mara sita, wakiachia na kucheka, moyo wetu uliinuka. Tukavua koti, tukawaambia wahesabu. Wakahesabu. Tulipofika mara ya kumi na mbili tulisikia kitu kikilia ndani ya bega la kuume, kama kamba mbichi inayokatika uzi mmoja. Tukashuka. Vijana wakapiga makofi. Nasi tukacheka pamoja nao, tukavaa koti kwa mkono mmoja, tukaenda nyumbani.

Siku kumi na nne tulificha. Mchana tulisema ni uchovu tu. Usiku hatukuweza kulalia upande ule. Maumivu yalishuka mpaka kwenye kiwiko. Tukamwita mkandaji, akaukanda mkono kwa mafuta ya nazi, kisha akauvuta kwa nguvu, na tangu saa ile hatukuweza hata kufunga kifungo cha shati. Mama wa nyumbani kwetu ndiye aliyesema, "Leo utakwenda hospitali, au nitamwita Padre akupeleke." Tukaenda.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa haukuvunjika wala haukutoka mahali pake. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wetu. Alitusalimu shikamoo, akatukalisha, akatufundisha kama sisi tulivyokuwa tukifundisha darasa la kwanza.

Bega, alisema, si kama nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe chenye kina. Lakini kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya kikombe kifupi, kama chungwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono waweza kuzunguka pande nyingi kuliko kiungo kingine cho chote, na ndiyo maana ni rahisi kuumia. Kinacholishika chungwa lisianguke ni misuli minne midogo, iliyojificha chini ya ile mikubwa tunayoiona, pamoja na kano zake. Kano hizo huchakaa kadiri umri unavyokwenda, kama kamba ya kisima, na mwenyewe asijue mpaka siku anapoteka ndoo nzito. Kwetu sisi kano moja ilikuwa imechanika, ingawa haikukatika yote.

Ndugu, tulijivunia misuli mikubwa kwa miaka zaidi ya 40. Ile midogo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitushika, hatukujua hata kwamba ipo. Mtume aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vya mwili vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vyenye kuhitajiwa zaidi. Tuliyasoma maneno hayo kanisani mara nyingi kwa sauti nzuri. Sasa tuliyasikia.

Binti yule alitupa amri mbili. Ya kwanza, tusiufunge mkono shingoni siku nyingi, kwa kuwa bega lisilotumika huganda. Ngozi laini inayokizunguka kiungo hukaza, na kulilegeza tena huweza kuchukua mwaka mmoja hata mitatu. Wenye ugonjwa wa kisukari wako katika hatari zaidi. Ya pili, tusikimbilie kazi nzito. Kila asubuhi na jioni tuiname, mkono mzima ukishika meza, na ule mgonjwa uning'inie wenyewe, uyumbe taratibu kama kengele isiyo na mpigaji. Kisha tusimame mbele ya ukuta, tupandishe vidole kidogo kidogo kama buibui, na mahali maumivu makali yanapoanza tusimame hapo. Usiku tuweke mto chini ya mkono.

Tulirudi nyumbani tukiwa na hasira. Je, hayo ni mazoezi? Ni mchezo wa watoto wachanga! Hata hivyo tulichukua kipande cha chaki, na kila Jumamosi tukaweka alama ukutani pale vidole vilipofika. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kifua. Ya pili ilipita ya kwanza kwa upana wa kidole kimoja.

Wiki ya sita alama ilikuwa usawa wa macho. Tukaona tumepona. Asubuhi moja, nyumba ikiwa bado imelala, tulishuka chini tukapiga pushapu tatu. Ya nne hatukuimaliza. Jumamosi ile vidole vyetu havikuifikia hata alama ya kwanza.

Binti yule akauliza, "Mwalimu, umefanya kazi nzito?" Tukasema hapana. Akautazama mkono, akasema kwa upole, "Mwalimu, bega halijui kusema uongo." Akatuanzisha upya. Sisi tuliowaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko ule tulikaa kimya kama mtoto aliyekosa jibu. Wiki iliyofuata tulirudi tukamwambia kweli. Akasema, "Nilijua, Mwalimu. Ahsante." Wala hakuongeza neno.

Tena kulikuwa na jambo la kengele. Kwa miaka mingi sisi ndio tuliovuta kamba ya kengele ya kanisa. Mkono ulipoumia hatukutaka mtu mwingine aishike. Tulivuta kwa mkono wa kushoto, vibaya, mpaka Padre akatukataza. Jumapili tatu hatukwenda kanisani. Tulisema ni maumivu. Ilikuwa haya.

Asubuhi ya Jumatatu tulisikia hodi. Alikuwa mtu mzima wa hapa mtaani, mkulima, aliyekuwa mwanafunzi wetu zamani. Alikuwa na madumu mawili ya maji. "Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia mkono wako hauwezi kuteka." Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Tukajua pia kwamba ndiye aliyepewa kamba ya kengele.

Siku ya nne tulimkumbuka vizuri. Katika mchakamchaka alikuwa wa mwisho kila siku, akisimama njiani na kushika magoti. Na sisi, mwalimu wa zamu, tulikimbia nyuma na fimbo. Tulimwita mvivu mbele ya shule nzima. Tulimpiga, si mara moja.

Tulimkalisha, tukampa chai, tukamwuliza kama anakumbuka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, ilikuwa pumu. Nyumbani hatukujua jina lake. Nilidhani watu wote wanaumia kifua hivyo, ila wenzangu ni hodari zaidi."

Hatukuwa na jibu. Kwa miaka yote ile tulimfundisha mtoto kwamba ugonjwa wake ni dhambi yake. Tulimwomba radhi, yeye aliyekuja kututekea maji. Alisema, "Yamepita, Mwalimu," akachukua madumu yake matupu. Lakini hatuandiki haya ili mseme Mwalimu amesamehewa, mambo yamekwisha. Wako wengine waliokuwa wa mwisho, na hatujui waliko. Tunaandika ili mzazi au mwalimu asomaye haya, kabla ya kumwita mtoto mvivu, amwulize kwanza anaumwa wapi.

Sasa turudi kwenye somo letu. Waisraeli walipofika Refidimu, Waamaleki walikuja kupigana nao. Yoshua alikwenda vitani bondeni. Musa akapanda juu ya kilima pamoja na Haruni na Huri, akiwa na fimbo ya Mungu. Alipoinua mkono Israeli walishinda. Alipoushusha Amaleki walishinda. Nayo mikono ya Musa ikawa mizito. Mkono uleule ulionyoshwa juu ya bahari, na maji yakagawanyika, sasa haukuweza kujishika wenyewe hewani. Alikuwa mzee wa miaka 80 na zaidi. Haruni na Huri wakamwekea jiwe akalikalia, wakaitegemeza mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa.

Tazameni alichofanya Musa siku ile: alikubali kukaa. Hakusema, Mimi niliyesimama mbele ya Farao nitakalia jiwe mbele ya vijana? Kama angeona haya, kama angeificha mikono yake siku kumi na nne kama sisi, watu wangekufa bondeni. Unyenyekevu wa mzee mmoja juu ya kilima ulikuwa uzima wa wengi walio chini.

Na Mungu angeweza kuitia mikono ile nguvu za kijana. Hakufanya hivyo. Alimpa watu wawili na jiwe. Mara nyingi ndivyo atujibuvyo. Twaomba nguvu, naye atuletea jirani. Kama tumeikataa jirani hodi yake, tumelikataa jibu la sala yetu wenyewe.

Lakini kusaidiwa si kulala. Mwinjili Luka atuambia juu ya mtu aliyepooza mkono wa kuume, aliyekuwa katika sinagogi siku ya Sabato. Bwana alimwambia aunyoshe mkono, ndilo jambo hasa asiloweza. Yule mtu angeweza kusema, Niponye kwanza, kisha nitaunyosha. Aliunyosha, na katika kuunyosha akapona. Kwetu sisi haikuwa muujiza wa dakika moja; ilikuwa chaki ukutani, Jumamosi kwa Jumamosi. Lakini amri ni ileile: nyosha, hata kama ni upana wa kidole kimoja. Mvivu haunyoshi mkono kwa hofu, nao huganda. Mwenye kiburi aunyosha kupita alipoamriwa, nao huchanika. Mtii hufika mpaka alama ya leo na kushukuru.

Hivyo ndivyo ilivyo katika mambo ya roho pia. Wako kati yetu walioumia kwa neno la ndugu, au kwa msiba, wakaufunga moyo shingoni miaka mingi, nao umeganda. Anza kidogo. Msalimu yule usiyemsalimu. Kesho kaa naye benchi moja. Na wako wanaotaka kusamehe yote siku moja, kwa makelele, kisha wiki ya sita waanguka chini ya alama ya kwanza. Hao nao wasikate tamaa. Waseme kweli, waanze upya.

Sasa tunakaribia Majilio, na ni miezi saba imepita. Twaweza kuvaa shati wenyewe, twaweza kuweka kitabu juu ya rafu, na usiku twalala. Alama ya juu ya mkono wa kuume haijaifikia ya kushoto, na mtaalamu asema labda haitaifikia. Asubuhi twatembea mpaka darajani, hatukimbii. Kwenye goli hatuning'inii tena. Mwenye maumivu kama yetu, asiyeweza kuuinua mkono baada ya kuanguka au kuvuta kitu kizito, asifiche wala asivutwe na mtu ye yote. Aende hospitali upesi.

Na kengele? Kengele anaipiga yule ndugu yetu. Padre alituuliza kama tunataka kamba irudi kwetu. Tukasema hapana, iko mikononi mwema. Jumapili iliyopita tulifika mapema, tukakaa nje juu ya jiwe chini ya mwembe, tukamsikiliza akiipiga.

Tuombe. Ee Bwana, uliyebeba mzigo wetu mabegani mwako, utuondolee kiburi cha nguvu zetu. Utufundishe kukaa tunapochoka, kunyosha mkono unapotuamuru, na kuifungua mlango wetu kwa wale uliowatuma. Uwaponye wale tuliowaumiza bila kujua, na wale tuliowaumiza tukijua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.