Nani Anapumzika Krismasi?

Kila mwaka Majilio yanapoanza, tunatandika kitambaa cha zambarau madhabahuni na kuwaambia washarika kwamba Jumapili hizi nne ni za kutulia na kumngojea Bwana. Kisha tunatoka kanisani na kuanza kukimbia. Desemba ndiyo mwezi wa ndoa, ubatizo, vikao vya ukoo na mazoezi ya kwaya hadi usiku. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanapanda Kilimanjaro yamejaa wanaorudi nyumbani. Nyumba zinapakwa rangi, mbuzi anatafutwa, watoto wanadai nguo mpya, na ada za Januari zinachungulia mlangoni. Ifikapo tarehe 25, wengi wetu tumechoka, tumekopa, na tunamkaripia kila anayepita mbele yetu.

Je, Mkristo ana ruhusa ya kujitunza wakati kama huu? Wengi tulilelewa kuamini kwamba kuketi wageni wakiwapo ni uvivu, na kujifikiria ni ubinafsi. Siku hizi tunasikia jibu la upande wa pili: jipende kwanza, zima simu, wengine watajijua. Tumeishi na jibu la kwanza miaka mingi, na la pili tumelijaribu. Yote mawili yametuacha pabaya.

Krismasi moja tulihubiri habari za wachungaji wa kondoo, watu wa kazi ya usiku, ambao malaika aliwafuata kazini kwao. Ibada ilikuwa nzuri. Tulirudi nyumbani na wageni, tukala, na kwa kuwa tulikuwa tumechoka, tukasema sasa tunapumzika, tusisumbuliwe. Jioni tulipita uani tukamkuta binti anayetusaidia kazi, ameinamia beseni la vyombo. Alikuwa jikoni tangu saa kumi za alfajiri, na kanisani hakufika. Akainua uso, akauliza kwa adabu: "Baba, leo kanisani mmehubiri nini?"

Hakuuliza kwa kulalamika. Alitaka kujua. Nasi tulishindwa kumjibu mara moja, maana malaika wa mahubiri yetu alikuwa amepita nje ya jiko letu wenyewe. Pumziko letu lilikuwa limelipiwa, na aliyelipa ni yeye.

Tangu siku ile tumeisoma upya amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5. Mungu hamwagizi mwenye nyumba apumzike peke yake. Anawataja wana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni aliye ndani ya malango. Na sababu anayoitoa ni kwamba Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Martin Luther, katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, anaieleza siku ya kupumzika kwa kuwakumbuka watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima, nao wapate kuburudika. Zaidi ya yote, watu wapate nafasi ya kulisikia Neno. Basi utulivu unaomwachia mwingine mzigo wetu si pumziko la Kikristo. Ni uchovu uliohamishwa tu.

Lakini mbona hatupumziki hata tunapoweza? Tunafikiri ugonjwa uko ndani zaidi ya ratiba. Mwaka mzima tunakiri kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, si kwa matendo. Desemba tunarudi kwenye matendo kinyemela: pilau iwatoshe majirani wote, gari lionekane kijijini, mtu asije akasema tumeshindwa maisha. Sikukuu inageuka kuwa mtihani, na ukoo ndio wasahihishaji. Lakini Mtoto alizaliwa pasipo sisi kuandaa chochote, na kitanda chake kilikuwa hori ya ng'ombe. Anayeketi chini saa moja katika Desemba anaungama kwa mwili wake kwamba Krismasi haisimami juu ya mikono yake.

Wala pumziko si ukuta wa kuwazuia watu. Katika Marko 6 Yesu anawaita wanafunzi wake wapumzike faraghani, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata wakakosa nafasi ya kula. Walipofika huko, umati ulikuwa umewatangulia. Yesu hakuwafukuza, aliwahurumia. Kujitunza kunakotufanya tumwone mgeni kama adui kumekwisha kupotea njia.

Nyumbani kwetu tulianza na mambo madogo. Kabla ya Majilio tunapanga pamoja fedha tutakazotumia, na zikiisha zimeisha. Chakula cha sikukuu tumekipunguza, ili watu wote wa nyumba wafike ibadani, bila kubaki hata mmoja. Vyombo tunaosha kwa zamu, na mchungaji ana zamu yake. Ziara nyingine tumezisogeza mbele, kwa maana kalenda ya Kanisa inatupa Krismasi hadi mkesha wa Epifania ya tarehe 6 Januari. Sisi ndio tulioibana katika siku moja.

Haikupita bila gharama. Shangazi mmoja aliangalia meza akasema, "Mwaka huu mchungaji ameishiwa." Iliuma, tena ilituuma kuliko tulivyotegemea, tukajua kwamba mtihani ule bado tunaufanya mioyoni.

Lakini Krismasi iliyofuata, binti yule aliketi kiti cha pili kutoka mbele. Jioni, tukiwa wote uani na beseni katikati, hakutuuliza tulihubiri nini. Alituambia yeye alichosikia, nasi tukanyamaza tukamsikiliza.