Usifungue, Utajua

Dalali aliyenipa ushauri huu alikuwa amekaa juu ya tairi bovu kwenye gereji moja ya Katoro, anatafuna mhindi wa kuchoma. "Mwandishi, usifungue hedi. Ukifungua utajua. Ukijua, itabidi useme." Aliongea kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha njia ya mkato. Ni miezi kadhaa sasa naigeuzageuza kauli hiyo, na sijasoma mahali swali hili likiulizwa vizuri zaidi ya hapo.

Gari lenyewe lilikuwa Prado ya dizeli, nililonunua kwa mtu. Lilinichemkia nikitoka Lwamgasa kuzungumza na wachimbaji wadogo. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini safari nzima, halafu kwenye kamlima kamoja tu ukaruka mpaka juu. Nikasimama, nikasubiri lipoe, nikaongeza maji, nikaondoka. Likachemka tena. Katoro nikaingia kwa mwendo wa kinyonga, giza limeshaanza.

Fundi, mzee wa makamo, hakugusa spana jioni ile. Alitaka gari lilale, lipoe kabisa. Asubuhi akafungua kifuniko cha rejeta, akajaza maji mpaka shingoni, akaniambia niwashe. Injini ingali baridi, maji yakaanza kutoa mapovu kama chai inayokaribia kuchemka. Akanishikisha hosi ya juu. Ilikuwa ngumu, na bado haina joto.

"Hayo maji hayachemki," akasema. "Ni pumzi ya silinda, inatorokea kwenye maji."

Nikachomoa kijiti cha oili mwenyewe. Oili ilikuwa safi, haina ile rangi ya chai ya maziwa tunayoambiwa tuiogope, nikaanza kufurahi. Mzee akanikata. Oili safi inakwambia tu kwamba maji hayajaingia kwenye oili. Gasketi ya hedi ni karatasi ngumu iliyobanwa kati ya bloku na hedi, na kazi yake ni kuvitenga vitu vitatu vinavyopita karibukaribu: moto wa silinda, maji na oili. Inaweza kukatika upande mmoja na pengine kote kukabaki kuzima. Kwenye dizeli mzigo wake ni mzito zaidi, maana hewa inabanwa mpaka karibu sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake ndipo mafuta yawake yenyewe. Halafu hedi ya gari langu ni ya alumini na bloku ni ya chuma. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Gari likichemka vibaya hata mara moja, hedi inaweza kupinda.

Kisha akafungua nyumba ya themostati. Themostati haikuwemo. Mle ndani kulikuwa na tope la kahawia lenye vipande vinavyometameta, mabaki ya dawa ya kuziba rejeta. Mzee akanitazama. "Ng'wanawane, hili gari ulinunua lini?"

Kung'oa themostati ni jambo la kawaida kwenye gereji zetu, na wengi wanaling'oa kwa nia njema, eti nchi yetu ni ya joto haihitaji. Lakini ukiunganisha na ile dawa, unapata picha nyingine. Kwenye tambarare mshale unabaki chini, dawa inaziba ufa kwa wiki mbili tatu, mnunuzi anazunguka mjini mara moja, anatoa hela. Kuna mtu alijua, nikasema moyoni. Nilipigwa.

Hapo ndipo mzee aliponiambia kitu ambacho mafundi wengi hawasemi: sijui. Mapovu, hosi ngumu, maji kupungua bila kuvuja, zote hizo ni dalili za gasketi iliyoungua na ni dalili zilezile za hedi iliyopasuka. Tofauti ya bei kati ya magonjwa hayo mawili ni kubwa. Kujua ni lipi ni mpaka hedi itoke. Na hedi ya gari haitoki ukachungulia ukairudisha. Gasketi ikishabanwa imeshakaa, ukiifungua hairudiwi. Kwa hiyo unanunua mpya, unamwaga maji na oili, unalipa siku mbili za kazi, unapeleka hedi ikapimwe kama imepinda, na iingizwe hewa ndani ya maji ya moto ionekane kama kuna ufa. Yote hayo kwa ajili ya kupata jibu tu.

Ndipo dalali akatupa gunzi lake na kusogea. Mteja anaye, wa Buseresere, hela mkononi. Tuweke dawa nyingine, tuoshe injini, tuuze Jumamosi. Sijadanganya mtu, kwa sababu sijui. Kama ni gasketi, kama ni hedi, nani ameona? Na mteja macho anayo.

Nilichekea moyoni, kwa sababu chuoni tuliwahi kufundishwa hoja hiyohiyo, ila kwa majina makubwa. Cicero, kwenye kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anamleta muuzaji wa nyumba mbovu: mbao ni mbovu, nyoka wamo vyumbani, na ni yeye peke yake anayejua. Aseme au anyamaze? Anawapambanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anaona kwamba kunyamaza si kudanganya. Mnunuzi hakulazimishwa, akague mwenyewe. Antipater anakataa, na anakumbusha kwamba Athene kutomwonyesha njia mtu aliyepotea kulikuwa jambo la laana; sasa kumwacha mtu aingie hasarani kwa makusudi si zaidi ya hapo? Cicero mwenyewe anaegemea kwa Antipater. Mimi pia, nikiwa darasani.

Lakini dalali wa Katoro amewapita wote wawili. Muuzaji wa Cicero anajua. Dalali ananiuzia nafasi ya kutojua. Ananiambia nisimame hatua moja kabla ya ukweli, halafu nijiite msafi. Na kwa kweli inavutia, kwa sababu si uongo. Ningeulizwa kama hedi imepasuka ningeapa sijui, na kiapo kingekuwa cha kweli.

Tatizo langu na hoja hiyo ni dogo, la kifundi. Kutojua kwa yule mteja kungekuwa bure, hakukuchagua. Kwangu mimi kungekuwa bidhaa niliyoinunua, na kwa bei nzuri: siku mbili za kazi na gasketi moja. Mtu akijua ni mlango gani asiufungue, ameshajua sehemu kubwa ya kilichomo. Ningekuwa sijui kweli kwamba kuna kitu, nisingeogopa spana.

Halafu hii ni Geita. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, dhahabu inapimwa uzito na usafi mbele ya macho ya wote ndipo bei itajwe. Hakuna mnunuzi atakayekubali punje aambiwe "macho unayo." Mtu huyohuyo, akitoka na hela yake mkononi, ananunua gari la mamilioni kwa kuskilizia mlio.

Na niseme lingine, maana itakuwa unafiki nikiliacha. Kazini kwangu nami nina hedi ambazo sijazifungua. Kuna maswali sikuwahi kumuuliza mtu fulani, kwa kuwa nilijua jibu lake lingenilazimisha kuandika, na ningeandika ningepoteza mlango wa kuingilia. Nilijiambia sina ushahidi. Ni kweli, sikuwa nao. Nilihakikisha sina. Pale gerejini nilisikia aibu zaidi kwa hilo kuliko kwa gari.

Nikamwambia mzee afungue.

Ufa ulikuwa kati ya valvu za silinda ya tatu, mwembamba kama unywele. Hela ya hedi nyingine sikuwa nayo. Yule mteja wa Buseresere akaja Jumamosi kama alivyoahidiwa, akalikuta gari limefunguliwa na hedi imelala juu ya gunia. Nikamwonyesha ufa, nikamwambia kuhusu themostati na dawa, nikataja bei mpya. Akainama, akapitisha kucha kwenye ule ufa, akanyanyuka kunitazama.

"Haya. Na unachonificha ni nini?"

Sikuwa na jibu. Akapunguza tena milioni moja, kwa wasiwasi tu, akaondoka nalo limefungwa kamba nyuma ya lori. Dalali hakuniaga.

Namba ya aliyeniuzia mimi bado ninayo kwenye simu. Nimeifungua mara tatu, sijapiga. Yawezekana alijua kila kitu. Yawezekana pia kuna asubuhi moja, kwenye gereji fulani, alikaa karibu na mtu aliyemshauri asifungue.